Nyumba ya Eda

Mzee Sulaiti aliondoka Busia alfajiri ya Jumatatu, lori lake limejaa magunia ya samaki wakavu kutoka Lumino. Mimi nilikuwa nafungua milango ya duka la baba yangu. Alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani, akaniita kama alivyozoea kuniita mbele za watu, bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote.

"Mkwe! Nikuletee nini kutoka Tororo?"

"Uzi, Mzee. Wa kijani."

"Uzi tu? Huna gharama wewe. Swaliki ana bahati."

Nilicheka, nikaingia dukani. Uzi ulifika, yeye hakufika. Breki zilikataa kwenye mteremko wa daraja la Mto Malaba, wakati wa kurudi, na lori likamlalia. Uzi ulikuwa mfukoni mwa shati lake, umefungwa kwa kipande cha gazeti. Bi Hadijah, mkewe, alinipa siku ya tatu ya matanga. "Huu ni wako," alisema. Sikujua niufanyie nini. Mwishowe niliutumia kushona pindo la pazia lake la eda, kitambaa cheupe cha marekani kilichotundikwa kati ya sebule na chumba chake cha kulala. Nyuma ya pazia hilo ndipo angekaa miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila kutoka nje ya nyumba, bila kuonekana na mwanamume asiye wa damu yake.

Miezi hiyo ilikuwa inakaribia kwisha Swaliki alipomleta mtu wa mikopo.

Lazima niseme kwanza kuhusu Swaliki. Ni mtoto pekee wa nyumba ile. Alilitoa lori la baba yake mtoni, akaligonga mabati yake kwa nyundo mwezi mzima mpaka likasimama tena, lenye taa moja tu na mlango unaofungwa kwa kamba. Kisha akapanda, akaliendesha barabara ile ile, na juu ya daraja lile lile. Kila lilipoondoka nililisikia nikiwa dukani. Swaliki huondoka kwa kishindo, anabadilisha gia kabla hajafika kona, kama mtu anayefukuzwa. Nami nilikuwa nabaki nimeshika kitambaa cha mteja mkononi, nimesahau alitaka yadi ngapi.

Baba yangu, Mzee Badiru, hakumchukia. Alikuwa na neno moja tu, na hilo alilisema kwa upole, ndiyo maana lilikuwa gumu kulipinga.

"Swaliki, wewe ni kijana mzuri. Baba yako alikuwa rafiki yangu. Lakini binti yangu simtoi chumbani nikampeleka chumbani. Unalala wapi Tororo?"

"Nimepanga, Mzee. Karibu na sokoni."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja, Mzee."

"Na hapa?"

"Hapa ni kwa mama."

"Basi umejijibu. Eda ya mama yako ikiisha, uje na nyumba, au unyamaze nimsikilize mwingine. Yupo anayeuliza."

Huyo mwingine nilimjua. Ana duka la matofali Tororo na meno mawili ya dhahabu. Aliwahi kuninunulia soda, akakaa kunitazama ninavyokunywa mpaka ikanikwama kooni.

Mwaka huu wa hamsini na nane Tororo inajenga nyumba za kuuziwa Waafrika, safu mbili chini ya mwamba, kila moja ina vyumba viwili, jiko, na ua wa kupanda mboga. Swaliki alinipeleka kuziona kutoka mbali, dada yake baba akiwa katikati yetu kama kawaida. Hakunigusa. Alinyoosha kidole tu, akasema, "Ile ya mwisho. Yenye mlango ambao haujapakwa rangi. Utaupaka wewe." Niliutazama mlango ule, halafu nikamtazama yeye. Aliona ninavyomtazama, akaangalia chini, akaanza kufuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

Kupata mkopo wa nyumba hizo, mwenye kazi ya mshahara alidhaminiwa na mwajiri wake. Mwenye lori alitakiwa alete kitu kisichohamishika. Swaliki hakuwa na kitu kisichohamishika isipokuwa mama yake, na mama yake alikuwa na nyumba.

*

Walifika Ijumaa baada ya sala. Mtu wa mikopo alishuka kwenye lori akiwa ameshika kofia kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, uso wake umekuwa mwekundu kwa vumbi la barabara. Aliitwa Bwana Owor, mtu wa Kirewa, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa Jumapili.

"Huyu kijana anaendesha kama anaiba," alisema kabla hata ya salamu. "Mimi nina watoto watano, Swaliki. Watano!"

"Tumefika salama, Bwana Owor."

"Kufika tumefika. Salama ni neno lingine." Akajifuta uso. "Haya. Mama yuko wapi?"

Nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele, kazi niliyojipa ili niwe pale. Swaliki alinitupia jicho. Lilikuwa jicho la furaha na wasiwasi pamoja, na mikono yangu ikaacha kutofautisha mchele na mawe.

"Mama yuko ndani," alisema. "Lakini kama nilivyokueleza njiani, yuko katika eda. Haonekani."

"Ulinieleza. Nami nikakueleza. Mwenye nyumba lazima aweke kidole mbele yangu. Atoe mkono tu hapo kwenye pazia, tumalize."

Sauti ya Bi Hadijah ilitoka nyuma ya pazia, taratibu, kama ya mtu anayeongea huku anashona.

"Karibu, bwana. Mkono wangu umeshazoea kuonwa na mtu mmoja. Umri wangu huu, tusianze kuuzoesha mambo mapya."

Bwana Owor alitabasamu bila kutaka. Akaketi, akafungua mkoba, akageuza karatasi.

"Kuna njia moja. Mwanamke anayejua kusoma, asiye mtu wa nyumba hii, asiyepata chochote katika mkopo huu. Ataingia, atamsomea mama kila neno kwa lugha anayoijua, ataona kidole kinawekwa, kisha atatia sahihi kama shahidi. Yupo?"

Swaliki hakuwa na haja ya kusema. Busia nzima ilijua kuwa nilifika kidato cha pili kabla baba hajaniita dukani.

"Wewe, dada," Bwana Owor akaniambia. "Unasoma Kiingereza?"

"Nasoma."

"Na wewe ni nani kwa mama huyu?"

Ningeweza kusema, mimi ndiye ninayenunuliwa hiyo nyumba. Ningeweza kusema, marehemu aliniita mkwe. Swaliki alikuwa ameuma mdomo wa chini. Mawazoni mwangu niliuona ule mlango wa Tororo ambao haujapakwa rangi.

"Jirani," nikasema.

Na kweli nyumba yetu ni ya pili kutoka pale. Lakini nilijua nimesema uongo.

"Jirani," ikajibu sauti nyuma ya pazia, ndani yake kuna kicheko kidogo. "Haya ingia, jirani."

Bwana Owor alinipa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, kalamu, na kibati cha wino. Kisha akatoa utepe wa kupimia, akatoka kuzunguka nyumba, akihesabu madirisha kwa sauti. Ndipo Swaliki aliponisogelea. Hakunigusa. Alisimama karibu kiasi cha mimi kunusa petroli kwenye shati lake.

"Fauziya. Msomee ukurasa wa kwanza."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni maneno ya wanasheria tu. Yatamtisha bure. Wewe mwambie nyumba inakuwa shahidi wangu. Nilimwambia hivyo, akakubali."

"Shahidi?"

"Nyumba inasimama, inasema, huyu Swaliki ni mtu wa kweli. Basi." Akanitazama machoni, na Mungu anisamehe, jinsi alivyonitazama ningeweza kuingia ndani nikasema lolote. "Nitalipa, Fauziya. Unajua nitalipa. Sasa kuna haja gani mtu ajue kitu ambacho hakitatokea?"

Niliinua pazia, uzi wa kijani ukapita mbele ya macho yangu, nikaingia.

*

Bi Hadijah alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunika shuka jeupe, miguu imenyooshwa. Alikuwa amekonda. Bila wanja na bila pete alionekana kama mtu aliyevuliwa jina. Aligonga mkeka kwa kiganja nikae karibu naye.

"Mikono yako ya baridi, mwanangu."

"Ni wino, mama."

"Wino bado uko kwenye kibati. Soma."

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilitafsiri polepole: jina la Swaliki, namba ya kiwanja cha Tororo, namba ya kiwanja hiki cha Busia, jina lake yeye, mke wa marehemu Sulaiti. Aliposikia neno marehemu alifunga macho kidogo. Nikafika chini, nikanyamaza.

Nje utepe wa kupimia ulikuwa unakwaruza ukuta. Nilisikia Swaliki akitembea barazani, hatua tano kwenda, hatua tano kurudi.

"Ndiyo yote?" akauliza Bi Hadijah.

Nikafungua mdomo. Neno ndiyo lilikuwa tayari kwenye ulimi, dogo, jepesi. Ningelisema, angeweka kidole, na kabla ya mwezi kwisha ningekuwa mke wa mtu. Hakuna angejua. Yeye hajui kusoma, na mimi nimekwisha kuitwa jirani.

"Fauziya," alisema, "nimesikia karatasi mbili zikisuguana. Usiruke, mwanangu. Soma kama unamsomea maiti, maana maiti hawezi kurudi kukuuliza."

Basi nikageuza ukurasa. Sauti yangu ilitetemeka, na kadiri nilivyojaribu kuizuia ndivyo ilivyotetemeka zaidi.

"Inasema nyumba hii inawekwa rehani. Inasema mkopaji asipolipa miezi mitatu mfululizo, ofisi ina haki ya kuiuza nyumba iliyotajwa. Na wote wanaokaa ndani yake watatoka katika muda usiozidi siku thelathini."

"Rudia hapo mwisho."

"Wote wanaokaa ndani yake watatoka katika muda usiozidi siku thelathini."

Alikunja na kukunjua pindo la shuka lake.

"Aliniambia nyumba itakuwa shahidi," alisema hatimaye. "Kumbe shahidi ndiye anayefungwa."

"Mama, usiweke."

"Sijakuuliza. Kwanza nenda kwenye pazia, muulize yule bwana. Hizo siku thelathini. Ikiwa mwenye nyumba yuko ndani ya eda, wanamtoa au wanamngoja?"

Nilikwenda mpaka kwenye pazia. Nikauliza bila kulifungua, maneno yake mwenyewe, kwa sauti ya kusikika barazani. Hatua za Swaliki zikakatika. Hapo akajua nimesoma ukurasa wa pili.

Bwana Owor alikuwa amerudi. Nilimsikia akikunja utepe, akiukunja tena, kama umekataa kukaa.

"Mama," alisema, na sasa sauti ya mwalimu ilikuwa imemtoka. "Nisikudanganye. Karatasi hii haijui eda. Walioiandika hawajui hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo. Kwetu Kirewa, mjane haguswi. Lakini ofisi haiko Kirewa."

"Nashukuru, bwana. Umenijibu."

"Mama, ukisita, tunaweza kuacha. Mimi nitaandika kwamba mwenye nyumba hakukubali. Hakuna ubaya."

"Ngoja kidogo. Mimi na jirani yangu tunazungumza."

Nilirudi kuketi. Machozi yalikuwa yameanza kunitoka, nami niliona aibu, maana mfiwa alikuwa yeye.

"Unalia nini?"

"Naogopa, mama."

"Unaogopa nini? Taja jina lake."

"Daraja," nikasema. Sikuwa nimelisema hata kwa nafsi yangu. "Karatasi inasema akichelewa kulipa. Lori lile lile, mama. Barabara ile ile. Kila likiondoka nasimama dukani mpaka nisilisikie tena, halafu nasimama tena kulisikia likirudi. Siku moja lisiporudi, tutampoteza yeye, na kabla hujamaliza kumlilia watakuja kuhesabu madirisha."

Bi Hadijah alivuta mkono wangu, akauweka juu ya goti lake.

"Sulaiti alinioa bila mahari mkononi," alisema. "Alisema atalipa. Miaka kumi na minane nililala na deni lake, sikumdai hata siku moja. Halafu asubuhi moja anakuja na karatasi ya kiwanja hiki, imeandikwa jina langu, siyo lake. Nilimwambia, umechanganyikiwa? Akasema, hapana, nimekumbuka. Nyumba hii ni mahari yangu, Fauziya. Si urithi, haigawanywi. Ni yangu."

"Ndiyo maana nakwambia, usiweke."

"Wewe unaitaka nyumba ya Tororo?"

"Namtaka Swaliki."

"Sikukuuliza Swaliki. Swaliki najua unamtaka, mbuzi wa Busia wanajua." Akacheka bila sauti, mabega tu. "Nakuuliza nyumba."

Nilifuta uso. "Naitaka. Nimeiona. Mlango wake haujapakwa rangi."

"Utapaka rangi gani?"

"Kijani."

Alikubali kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta mahali pengine.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sulaiti alikuwa shujaa. Kila mtu alimsifu namna alivyoliendesha lile gari, na mimi nikasifu pamoja nao. Ningemlilia mapema kama unavyolia wewe, labda angepunguza mwendo. Swaliki hana woga, kwa sababu hajui alichokibeba. Anadhani mama yake hajui, kwa hiyo hakuna kitu kwenye lori ila samaki." Akanyoosha mkono. "Leta wino."

"Mama!"

"Leta. Angeniambia kweli tangu mwanzo ningeweka juzi. Sasa nimeambiwa, kwa hiyo naweka mimi, siyo yeye ananiweka. Nishike mkono, wino usiguse shuka."

Niliushika mkono wake wa kushoto. Nilibonyeza kidole gumba kwenye kibati, nikakipeleka kwenye karatasi, mahali palipochorwa msalaba mdogo. Alikandamiza yeye mwenyewe, kwa nguvu, na kukaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokiinua, mistari yote ya ngozi yake ilikuwa pale, na kovu la kisu katikati.

Chini yake nikaandika jina langu. Palikuwa na nafasi ya kueleza uhusiano. Kalamu ilisimama.

"Andika," alisema Bi Hadijah. "Jirani. Mengine tutayasahihisha siku ya harusi."

*

Bwana Owor aliichukua karatasi, akaiangalia karibu na macho, akaiweka juani kwenye ukingo wa baraza wino ukauke. Kisha akasema anakwenda kunawa. Nadhani alituhurumia.

Swaliki alikuwa ameegemea nguzo. Hakunitazama.

"Ulisoma wa pili."

"Nilisoma."

"Nilikuomba kitu kimoja, Fauziya. Kimoja. Miezi minne hii nimekuomba nini?"

"Uliniomba nimdanganye mama yako nikiwa nimemshika mkono."

"Sikusema udanganye! Nilisema usisome."

"Na wewe ulimwambia shahidi. Hilo unaliitaje?"

"Naliita kumwachia alale! Amefiwa. Hali chakula. Nimpe na hili?" Sauti ilimpanda, akatazama pazia, akaishusha. "Na kama angekataa? Ulifikiri hilo? Baba yako amenipa mpaka eda iishe. Zimebaki siku kumi na mbili. Yule mwenye meno ya dhahabu anangoja nje kama fisi. Kama angekataa, sisi tungekuwa nani?"

"Nilifikiri," nikasema. "Nilifikiri hilo tu. Ndiyo maana sauti ilinitetemeka."

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya vumbi na ya kitu kingine. Nilitaka sana kunyoosha mkono, nifute ule mstari wa vumbi chini ya jicho lake. Niliifunga mikono yangu ndani ya kanga.

"Aliuliza ile habari ya siku thelathini," alisema.

"Ndiyo."

"Na akasikia jibu."

"Alisikia. Sote tulisikia."

"Na bado akaweka."

"Bado akaweka. Mwenyewe. Mimi nilimwambia asiweke."

Alikaa chini kwenye ngazi ya baraza, ghafla. Akatazama ile alama nyeusi ya kidole kwenye karatasi, lile kovu katikati. Alipozungumza tena, hakuwa na hasira hata kidogo, na nilitamani angekuwa nayo.

"Afadhali asingejua. Asingejua, ningeogopa peke yangu."

"Hukuwa unaogopa, Swaliki."

Alifikiri. "Hapana," akasema. "Sikuwa."

Bwana Owor alirudi akikung'uta maji mikononi. Alisema ofisi hufungwa saa kumi na moja, na akaniangalia mimi, akamwangalia Swaliki aliyekaa kwenye ngazi, na kitu fulani kikapita usoni mwake. Aliisoma tena sahihi yangu, na lile neno kando yake.

"Jirani," alisema. "Majirani wa Busia ni watu wazuri sana." Akaingiza karatasi mkobani, akafunga.

Swaliki aliinuka, akaenda mpaka kwenye pazia. Yeye ni mwana, angeweza kuingia. Hakuingia. Alisimama mbele ya kitambaa kile cheupe na kofia yake mkononi.

"Mama."

"Nenda, mwanangu. Ofisi itafungwa."

"Mama, mimi…"

"Nimeshaweka, Swaliki. Usinitoe machozi, sina leso hapa." Kisha, baada ya kimya: "Swaliki."

"Naam."

"Daraja."

"Naam, mama."

Hayo tu. Alinipita barazani. Alisimama hatua moja mbele yangu, akatoa mfukoni kipande cha kamba alichokuwa akifungia mlango wa lori, akakigeuzageuza, akakirudisha. Nadhani alitaka kunipa kitu na hakuwa na kitu.

"Fauziya."

"Nenda," nikasema. "Nitakuwa nasikiliza."

Nilirudi nyuma ya pazia. Bi Hadijah alikuwa amekaa vile vile, kidole chake cheusi kimeinuliwa ili kisiguse shuka. Tulisikia mlango wa kwanza, mlango wa pili, injini ikikohoa mara tatu. Nilifunga macho kungoja kile kishindo chake.

Hakikuja. Lori liliondoka kwa gia ya kwanza. Lilipita duka la baba kwa gia ya kwanza. Lilifika kona, nikamsikia Bwana Owor akisema jambo na kucheka, na bado lilikuwa kwenye gia ya kwanza, polepole, kama gari lililobeba mayai. Bi Hadijah alinitazama. Tulikaa tukisikiliza mpaka hatukusikia tena, kisha nikachukua kitambaa na maji kumfuta wino, nao haukutoka wote.

Leo ni Jumapili. Swaliki amekwenda na kurudi mara mbili. Baba amesema atangoja. Eda ya Bi Hadijah imebakiza siku kumi, inaisha si Jumatano hii bali inayofuata. Malipo ya kwanza ya mkopo wa nyumba ya Tororo ni Ijumaa, siku mbili baada yake, na kila alasiri nafunga duka saa kumi, nakwenda kukaa naye nyuma ya pazia mpaka lori lirudi.